Pori Lililooteshwa na Vita: Kwa Basi na Bodaboda kutoka Muhoro hadi Songea

Anayesafiri kwa barabara ya Kilwa kwenda kusini huona, baada ya kuvuka mto Rufiji, vichaka na misitu inayoendelea kwa saa nzima bila shamba wala moshi wa jiko, na abiria wengi huamini kwamba nchi hiyo imekuwa hivyo tangu kuumbwa kwake. Nilikwenda mwezi wa saba kulitazama pori hilo kwa jicho jingine, kwa kuwa sehemu kubwa yake, hasa kuelekea Liwale, ni mahame. Palikuwa na vijiji na mashamba ya mtama na mpunga hadi vita vya Majimaji vya mwaka 1905 hadi 1907 vilipopita na moto, kisha Vita vya Kwanza vya Dunia vikapita tena juu ya majivu yale yale. Maelezo haya nimeyapanga nyumbani kutokana na daftari na picha za simu. Nauli ni zile nilizolipa mimi, na majina ya wenyeji walionipokea nimeyaacha kwa makusudi.

Jumatatu: Mbagala hadi Muhoro

Tiketi iliandikwa saa kumi na mbili kamili, basi likaondoka Rangi Tatu, Dar es Salaam, karibu saa moja, jambo ambalo halikumshangaza yeyote isipokuwa mimi. Nililipa shilingi 12,000. Ikwiriri tulipewa dakika chache za chai, chapati na kipande cha samaki wa kukaanga, kisha tukavuka Daraja la Mkapa, lenye urefu wa karibu mita 970, ambalo tangu mwaka 2003 limewaondolea wasafiri adha ya kusubiri kivuko cha Ndundu.

Muhoro iko kando ya barabara kuu, na bodaboda alinifikisha kwa shilingi 3,000. Kwenye kuta za nyumba nyingi bado kulikuwa na mstari wa tope ulioachwa na mafuriko ya Aprili 2024, mahali pengine juu ya usawa wa dirisha. Mzee aliyenikaribisha barazani kwake alinionyesha mstari huo kwa fimbo kabla hata hajaniuliza nimetoka wapi, akasema, "Huku, mwanangu, mto ndio mwenye nyumba, sisi ni wapangaji."

Hapa ndipo Wajerumani walipomnyonga Kinjikitile Ngwale, mganga aliyechochea vita vya Majimaji, tarehe 4 Agosti 1905, siku chache tu baada ya vita kuanza. Makao yake yalikuwa Ngarambe, upande wa magharibi, ambako mwaka 1904 alipandwa na pepo aliyeitwa Hongo, na watu wakawa wanamiminika kwake kutoka Rufiji na milima ya Matumbi kuchukua dawa ya kuwakinga na risasi. Dawa yenyewe ilikuwa maji yaliyochanganywa na mafuta ya mbarika na mbegu za mtama. Vyote vitatu ni vya mkulima. Serikali ya kikoloni ilikuwa imelazimisha watu kulima pamba katika mashamba ya pamoja chini ya maakida na majumbe, wasimamizi iliowaweka yenyewe, katika msimu ule ule ambao kila mtu alitakiwa kuwa shambani kwake akipalilia na kuwafukuza nguruwe na nyani, na waliokataa walichapwa viboko. Sidhani kwamba ni bahati tu kuwa waliokataa zao la kulazimishwa walijikinga kwa maji ya mto na nafaka ya ghalani mwao.

Jioni upepo uligeuka ukaleta harufu ya mikoko. Delta ya Rufiji ina msitu wa mikoko ulio mkubwa kuliko wote katika pwani ya Afrika Mashariki, na katika Vita vya Kwanza vya Dunia msitu huo uliificha manowari ya Kijerumani, Königsberg, baada ya kuizamisha meli ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Unguja tarehe 20 Septemba 1914. Meli kubwa za Waingereza hazikuweza kuingia katika mikono ya mto kwa sababu ya kina kifupi, na mabaharia wao hawakuweza kuona chochote nyuma ya miti. Ilibidi waletwe Severn na Mersey, meli mbili za kina kifupi, na ndege za kuwaelekeza wapigaji, hadi Königsberg ilipoangamizwa tarehe 11 Julai 1915. Mizinga yake kumi iliopolewa, ikaburutwa nchi kavu na kuendelea kupigana, na mmoja wao nilikutana na habari zake siku mbili baadaye, juu ya mlima.

*Kwa anayetaka kuingia deltani: boti huondokea Nyamisati, upande wa kaskazini, si Muhoro. Huku Muhoro nyumba za wageni ni chache; mimi nililala kwa shilingi 15,000, chandarua kikiwemo, lakini maji ya kuoga ni ya ndoo.*

Jumanne: Somanga, Njia Nne, Kipatimu

Karibu na Somanga tulichelewa, kwa kuwa madaraja yaliyobomolewa na mvua za kimbunga Hidaya, Mei 2024, yalikuwa bado yakijengwa na magari yalipita kwa zamu kwenye njia ya mchepuko. Akina mama wa Somanga hawakuchelewa: walizunguka basi na vifuko vya korosho na samaki, na mmoja aliponiona nahesabu sarafu akaniongezea korosho kwa kusema kuwa mgeni halipi ya mwisho.

Nilishuka Njia Nne. Kutoka hapo hadi Kipatimu ni kama kilomita 50 za barabara ya vumbi inayopanda, na gari la abiria, hiace iliyobeba watu, mabati na mbuzi wawili, ilinitoza shilingi 7,000. Nilipofika ilikuwa msimu wa machungwa. Yalikuwa yamerundikwa kando ya barabara marundo kwa marundo, na kijana aliyekuwa akiyahesabu kwenye magunia alinimenyea matatu bila kutaka malipo. Milima ya Matumbi ni ya kijani hata kiangazi kikiwa kimeikausha pwani, kwa sababu inakamata mvua na ardhi yake ina rutuba. Ndiyo maana watu walikaa huku tangu zamani, na ndiyo maana pia pamba ililetwa huku.

Jumatano: Nandete, Nang'oma na Kibata

Dereva wa bodaboda alikubali kunizungusha kutwa nzima kwa shilingi 35,000, mafuta juu yake. Nandete ni kijiji cha kawaida chenye shule, msikiti na miembe, na mnara wa kumbukumbu unaosema kwamba vita vilianzia hapo. Mwezi Julai 1905 wakazi waling'oa mashina ya pamba shambani. Kung'oa mmea ndiyo ilikuwa tangazo la vita, na siku zilizofuata akida wa Kibata alizingirwa.

Mwenyekiti wa kijiji alinipa mwenyeji wa kunipeleka pangoni, mzee mwembamba aliyetembea kasi kuliko mimi. Pango la Nang'oma ni la mawe ya chokaa na mlango wake umefunikwa na mizizi ya mimea inayotambaa na majani, kiasi kwamba ungeweza kupita hatua kumi kando yake usilione. Ndani hewa ni baridi na nzito kwa harufu ya popo. Sakafu inashuka kwa ngazi za mawe yaliyoteleza, na tochi ya simu yangu haikufika kwenye dari. Mzee alisimama mahali penye matone ya maji, akagonga ukuta kwa kisu, sauti ikarudi kutoka mbali. "Hapa waliingia na watoto, na mbuzi, na vyungu," alisema. "Askari alipita juu akisikia kuku, asijue kuku yuko wapi." Walijificha humu wakati wa Majimaji, na kwa jinsi nilivyoona mlima wenyewe, wenye mashimo na mabonde yaliyofunikwa, sishangai kwamba jeshi lenye bunduki za rasharasha lilishindwa kuwafuata.

Ni kushindwa huko kulikowafanya Wajerumani wabadili adui. Afisa mmoja, Kapteni Wangenheim, alimwandikia Gavana von Götzen kwamba operesheni za kijeshi peke yake zitakuwa tone tu baharini, na kwamba ni njaa na ufukara tu vitakavyowafanya watu wasalimu amri kabisa. Tangu hapo vikosi havikuwatafuta wapiganaji pangoni. Viliyafuata mazao. Maghala yalichomwa, mashamba yakafyekwa, mbegu zikachukuliwa, na waliojaribu kupanda upya walizuiwa mvua zilipokuja. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kwamba watu kati ya 250,000 na 300,000 walikufa, wengi wao kwa njaa na maradhi yaliyoifuata, wakati makadirio ya serikali ya kikoloni yalikuwa 75,000.

Mchana tulifika Kibata. Kilima chake kimeona vita viwili: cha akida mwaka 1905, na kingine kati ya Desemba 1916 na Januari 1917, Waingereza na Wajerumani walipopigania vilele hivi kwa mahandaki. Jenerali von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, aliuleta huku mzinga mmoja wa Königsberg, uliopandishwa kwa nguvu za mikono ya watu katika njia ambazo bodaboda yetu ilizipanda kwa gia ya kwanza. Hakukuwa na mnyama wa kuuvuta, kwa kuwa farasi na nyumbu walioletwa katika vita hivyo walikufa kwa maelfu kwa kuumwa na mbung'o. Mahali mnyama alipokufa, binadamu alibebeshwa. Wapagazi wa pande zote mbili walikufa makumi ya maelfu, zaidi kwa kuhara, homa na njaa kuliko kwa risasi, na chakula chao kilitolewa katika maghala ya vijiji vilivyokuwa vimeanza tu kupumua baada ya Majimaji.

*Kwa pango: anzia ofisi ya kijiji, chukua mwenyeji (mimi nilimpa shilingi 15,000), beba tochi mbili na viatu visivyoteleza. Mvua ikinyesha usiingie.*

Alhamisi: Nangurukuru hadi Liwale

Niliacha Kilwa Kisiwani kwa safari nyingine. Nangurukuru nililala, nikala wali na pweza wa nazi, na alfajiri nikapata basi la Liwale kwa shilingi 25,000. Ni zaidi ya kilomita 200 za udongo, na hupitika kiangazi tu. Masika magari huzungukia Nachingwea.

Baada ya Njinjo, tulipovuka mto Matandu, nyumba zilianza kutengana kama meno ya mtu mzima, kisha zikakoma. Gurudumu lilipasuka mahali pasipo na kijiji, na kwa kuwa la akiba nalo lilikuwa limetoboka, tulikaa hapo saa tatu. Mbung'o walifika kabla ya fundi. Wanaingia kimya, wanatua nyuma ya shati, na wakiuma unadhani umechomwa na sindano ya kushonea magunia. Abiria mmoja, mwalimu aliyekuwa akirudi kituoni kwake, aliniambia nivue fulana yangu ya buluu. Nilidhani anatania, hadi alipoeleza kwamba mitego ya mbung'o hushonwa kwa kitambaa cha buluu na cheusi kwa sababu rangi hizo ndizo zinazomvuta. Akanipa kanga ya mkewe yenye mandhari nyeupe nijifunike.

Mwalimu huyo huyo ndiye aliyenionyesha miembe. Ilikuwa minne, minene, imesimama kwa mstari katikati ya miombo, bila nyumba wala kaburi linaloonekana. Tuliingia hatua thelathini hivi. Chini ya mmoja wao, majani yalipofagiliwa kwa mguu, palikuwa na jiwe la kusagia lililolika katikati hadi kuwa kama bakuli, na mchwa wamejenga upande mmoja. Mwembe haujipandi kwa mstari.

Namna pori lilivyorudi inaeleweka vizuri. Mkulima wa zamani alifyeka, alichoma nyasi kila mwaka na alilima mfululizo kuzunguka kijiji, na kwa kufanya hivyo alimnyima mbung'o kivuli anachohitaji na kuwasogeza mbali nyati, nguruwe na tandala ambao mdudu huyo hunyonya damu yao. Kijiji kikifa au kikihama, miombo huchipua kutoka kwenye visiki vilivyokuwa bado hai ardhini, wanyama hufuata majani, mbung'o hufuata wanyama, na baada ya miaka michache wanakijiji wa jirani waliobaki hujikuta wamezingirwa, hawawezi kufuga, na wachache mno kuzuia vichaka. Vita vilichukua miaka miwili kuwaondoa watu. Kuwazuia wasirudi ilikuwa kazi ya pori, na pori halikuchoka.

Tulifika Liwale saa nne usiku. Mwalimu hakukubali nitafute nyumba ya wageni wakati huo. Nililala kwake, na mkewe aliamka kunipikia uji.

Ijumaa na Jumamosi: Liwale

Boma la Wajerumani la Liwale lilianguka Agosti 1905, na katika siku hizo hizo, tarehe 14, Askofu Cassian Spiss na wamisionari wenzake wanne waliuawa njiani, si mbali na hapa. Kisasi kilichofuata kiliiacha Ungindo, nchi ya Wangindo, tupu. Nchi iliyokuwa tupu ikaonekana, machoni mwa watawala waliofuata, kuwa ni ya wanyama. Wajerumani walikuwa na hifadhi ndogo karibu na Rufiji tangu mwaka 1896, ambayo wenyeji huiita Shamba la Bibi kwa masimulizi kwamba Kaisari alimpa mkewe. Waingereza waliiunganisha na kuipanua mwaka 1922 kwa jina la Frederick Selous, mwindaji aliyeuawa vitani Beho Beho tarehe 4 Januari 1917. Katika miaka ya 1940 waliwahamisha wakazi wa magharibi ya Liwale kwa sababu ya malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, na tembo, na mpaka ukasogea tena. Hifadhi ikafikia takriban kilomita za mraba 50,000, ikaingia katika Urithi wa Dunia mwaka 1982, na mwaka 2019 sehemu yake kubwa ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere.

Siyapingi mafanikio ya uhifadhi. Ninachokataa ni lile bango nililoliona njiani, lililozungumzia nyika isiyoguswa na binadamu. Bibi mmoja wa karibu miaka themanini, niliyemwamkia shikamoo nikakaribishwa kwenye mkeka, alinitajia majina ya vijiji saba vya upande wa babu zake, vyote vikiwa sasa ndani ya mpaka, na akaniambia ni kipi kilikuwa na chumvi, kipi kilikuwa na udongo wa vyungu.

Usiku wa Jumamosi nililala juu ya dungu katika shamba la mjomba wa mwalimu. Ufuta ulikuwa umekatwa na kusimamishwa kwa matita ili ukauke, na mihogo ilikuwa bado ardhini. Saa nane hivi tulisikia matawi yakivunjika. Mjomba hakuinuka, alipiga debe mara tatu, akawasha kipande cha kamba kilichopakwa pilipili na oili chafu, na moshi ukatufanya sote tukohoe pamoja na tembo, ambao mmoja wao alipumua kwa sauti iliyosikika wazi kabla hawajageuka. Asubuhi tulipima unyayo kwa kandambili yangu: kandambili moja na nusu. Mwaka 1976 hifadhi ya Selous ilihesabiwa kuwa na tembo karibu 110,000. Mwaka 2013 walibaki kama 13,000, baada ya mawimbi ya ujangili. Sasa wanaongezeka, na mihogo ya mjomba ndiyo inayolipa.

*Liwale: beba fedha taslimu za kutosha, kwani mawakala huishiwa msimu wa mauzo ya ufuta. Nguo nyeupe au za kaki, si buluu. Usiingie msituni upande wa hifadhi bila kibali.*

Jumapili: Nachingwea

Njia ni mbovu lakini fupi kiasi, shilingi 15,000. Stendi ya Nachingwea nilinunua ming'oko ya shilingi 1,000, mizizi ya porini iliyochemshwa, nikaila kwa chumvi na pilipili. Leo ni kitafunwa cha starehe, lakini wakati wa njaa baada ya Majimaji mizizi ya aina hii ndiyo iliyowavusha waliovuka, na hivyo msitu uliomeza mashamba ndio pia uliowalisha wenye mashamba.

Nachingwea ilikuwa mojawapo ya vituo vya Mpango wa Karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947. Uingereza ilitoka Vita vya Pili vya Dunia ikiwa na upungufu wa mafuta ya kula, ikaamua kulima karanga katika mapori ya Tanganyika ambayo maofisa waliyaona hayana mwenyewe. Kufyekea, pamoja na matrekta chakavu ya kijeshi, zililetwa mashine zilizotengenezwa kutokana na vifaru vya Sherman. Vifaru vilikwama kwenye visiki na udongo uliokauka ukawa mgumu kama sakafu, mvua hazikufuata ratiba, na mwaka 1951 mpango ulifutwa baada ya mamilioni ya pauni kupotea. Moja ya mashamba yaliyoachwa, Farm 17, likawa baadaye kambi ya mafunzo ya wapiganaji wa FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji. Pori la vita lilifyekwa kwa mabaki ya vita, na uwazi wake ukatumika kuandaa vita vingine.

Jumatatu na Jumanne: Masasi, Tunduru, Songea

Kutoka Masasi lami ni nzuri hadi Songea na hakuna mengi ya kusimulia, isipokuwa kwamba baada ya Tunduru barabara inakata ushoroba ambao tembo huutumia kati ya Selous na Niassa ya Msumbiji, na dereva wetu alipunguza mwendo bila kuombwa.

Makumbusho ya Majimaji Songea yako Mahenge, mjini. Wapiganaji wa Kingoni zaidi ya sitini walinyongwa hapa tarehe 27 Februari 1906 na kuzikwa katika kaburi moja, na Nduna (kiongozi wa vita) Songea Mbano akanyongwa siku chache baadaye. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alisimama mahali hapa akaomba radhi. Msamaha ulihusu waliouawa. Kuhusu ardhi, nilimuuliza mwongozaji kama kuna chumba kinachoonyesha mashamba na vijiji vilivyokuwepo kabla, akanijibu kwa upole kwamba wageni huulizia zaidi mikuki.

*Kurudi Dar es Salaam nilipitia Njombe na Makambako, shilingi 55,000 na siku nzima barabarani. Atakayefuata njia hii aifanye kati ya Julai na Oktoba, na akifika Liwale atafute wazee kwanza kabla ya kuingia kwenye mahame, awaombe wamtajie majina ya vijiji vya zamani, ayaandike na wampe mtu wa kumwonyesha miembe, kwa kuwa kwenye ramani ya simu eneo lote hilo limepakwa rangi moja ya kijani.*